Makinikia ya Kwenye Gata

Hapa Kahama, gata hukumbukwa siku wingu jeusi linapotanda. Tangu Mei mvua zilipokatika, hakuna aliyeinua macho kutazama ukingo wa bati. Vumbi la barabara linapanda, mwembe unapukutisha majani, shomoro wanajenga, watoto wanarusha walichonacho, na vyote vinatua pamoja. Ikifika Novemba, mji mzima unamtafuta fundi siku moja. Ukimpigia anakujibu, "Niko njiani, bosi," na nyuma yake unalisikia kabisa karasha likisaga mawe.

Wangu alifika Jumamosi, jua la utosi, akiwa na ngazi ya miti yenye vidato pungufu na saidia fundi aliyeishika kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na simu. Vikaanza kushuka: kandambili ya mguu wa kushoto, kiota, betri mbili za redio, mswaki. Kwenye kona ulikuwa umechipua mche wa mpapai.

"Huu tuuache, bosi?" saidia fundi akauliza. "Umeshashika."

Kisha likashuka tope jekundu, ndoo nzima. Hapo ndipo alipoingia mzee jirani, aliyechimba dhahabu Bulyanhulu kabla wachimbaji wadogo hawajaondolewa mwaka 1996. Alilichota, akalisugua kwa kidole gumba, akalielekeza juani, akaomba karai.

"Mzee wangu, hilo ni tope la batini."

"Mwanangu, hata Buzwagi ilikuwa tope."

Akachuchumaa, akazungusha karai na kumwaga maji kidogo kidogo kwa ule ufundi wa mwaloni usiosahaulika. Mtaa ukajaa. Mmoja akasema hayo ni makinikia, na hakuna aliyeuliza maana yake. Tangu Machi 2017, makontena 277 ya mchanga wenye dhahabu wa migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi yalipozuiwa bandarini Dar es Salaam, neno hilo hapa kwetu wanalijua hata wanaonyonya. Mwingine akashauri tusiguse kitu mpaka ziundwe kamati mbili kama zile zilizouchunguza mchanga huo, ya Profesa Mruma na ya Profesa Osoro. Maji yalipoisha, karai lilibaki na misumari miwili ya bati na kizibo cha soda.

"Mshipa upo," mzee akasema akijinyoosha kiuno. "Hatujaufikia tu."

Gata likafungwa upya. Nilipouliza kuhusu pima maji, fundi aligusa jicho lake la kulia. Jicho hilo, alisema, limejenga nusu ya mji huu.

Mvua ilishuka Jumanne usiku. Ukitaka hesabu, kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa langu ni kama mita za mraba 80, na mvua ya milimita 20 ingenipa lita 1,600. Nikatoka na tochi kulitazama tangi likijaa. Tangi lilikuwa kavu. Maji yote yalikimbilia ncha ya pili na kuruka ukuta hadi kwa mama jirani, ambaye tayari alikuwa amepanga ndoo, madumu, mabeseni na sufuria ya pilau. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Kahama tangu 2009, lakini nani atayakataa yasiyo na bili?

"Mama, hayo maji ni yangu!" nikapaza sauti.

"Usijali baba, utapata asilimia 16 yako bila kuchangia senti. Kama Serikali kwenye migodi."

Nikampigia fundi. Akasema gata limenyooka, ila nyumba ndiyo imeinamia kule, na kazi ya nyumba tuliongea bei gani?

Asubuhi mtoto wa jirani akaja na ndoo mbili, lita 40. Nikamweleza kwamba asilimia 16 ya lita 1,600 ni 256. Akajibu kwa adabu, mikono nyuma, "Shikamoo. Mama anasema nyingine ni gharama za uendeshaji. Na turudishiwe ndoo."