Msanzi Nao Waomba Kufutwa

Kwa Katibu Mkuu, Wizara ya Katiba na Sheria, Dodoma

YAH: OMBI LA WENYEJI WA MSANZI KUFUTIWA VIJIJI KWA USAWA

Wakulima wa Msanzi, wilayani Kalambo, wanaipongeza Wizara kwa msimamo usioyumba. Septemba 13, 2007, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 143 zilizolipigia kura ya ndiyo Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili. Marekani, Canada, Australia na New Zealand zilikataa. Nyumbani, serikali ikaendelea kushikilia kwamba watu wa namna hiyo nchini hawapo, kwa kuwa Waafrika wote ni wenyeji. Ukarimu ulioje, kuwapigia kura wasiokuwepo!

Wafipa, wenyeji wa huku, wanaifahamu hoja ya nani mwenyeji tangu zamani. Masimulizi yao yanasema mtawala wa kwanza alikuwa Ntatakwa wa Milansi. Siku moja akiwa mawindoni, wakaja wanawake wageni, Watwa (si wale wa misitu ya Kongo), na mkubwa wao akakikalia kigoda cha mwenye nchi. Wageni wakatwaa utawala, na uzao wao ukaja kuzitawala Nkansi na Lyangalile. Milansi ikabaki na heshima yake na matambiko. Milansi ilinyang'anywa nchi, lakini hakuna simulizi linalosema kwamba iliambiwa haipo.

Katiba ya 1977 nayo si bahili wa viti. Baraza la Wawakilishi la Zanzibar hupeleka wabunge 5, Rais huteua hadi 10, wanawake wana viti maalum. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao hawazidi sana elfu moja, hawana hata kigoda. Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Warioba ilithubutu kuandika ibara ya makundi madogo: washirikishwe katika uongozi, watengewe ardhi wanayoishi na kupatia riziki kwa desturi. Bunge Maalum likapitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014, kura ya maoni ya Aprili 30, 2015 ikaahirishwa, na makabati ya Dodoma yanaitunza Katiba hiyo vizuri.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliwatambua Waogiek wa Mau, Kenya, kuwa watu wa asili mwaka 2017. Mahakama hiyo iko Arusha. Wizara haikushtuka.

Lakini kinachowatia Msanzi wivu hasa ni Ngorongoro. Agosti 2, 2024, Tangazo la Serikali Na. 673, kutoka kwa majirani wa Wizara kule TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), lilifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96, uchaguzi wa serikali za mitaa ukiwa umebaki miezi isiyofika minne. Wamaasai wakajaa barabarani, na Agosti 22 Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha amri hiyo. Sasa, ikiwa wote ni wenyeji sawasawa, mbona Msanzi haijafutiwa hata kitongoji kimoja? Au kwa sababu huku kuna mahindi na maharage tu, bila kreta wala mtalii?

Msanzi wanaomba jibu kwa maandishi. Ama wapewe tangazo lao lenye namba, ama ibara ile ya makundi madogo irudishwe mezani na Wahadzabe waitwe kuisoma wa kwanza. Majibu yapelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji, ambaye hadi barua hii inaandikwa bado anatambulika kisheria.