Namna ya Kula Mshahara wa Soka Bila Kugusa Mpira

Kama unapenda kuitwa mchezaji kuliko unavyopenda kucheza, sogea karibu, nina habari njema. Kazi hiyo ipo na imeshafanywa. Mwalimu wetu ni Mbrazili Carlos Henrique Raposo, anayejulikana zaidi kwa jina la Carlos Kaiser, mzaliwa wa 1963. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipita Botafogo, Flamengo, Bangu, Fluminense na Vasco da Gama, klabu ambazo kijana yeyote wa Rio de Janeiro angekubali hata kufua jezi zake. Alijitambulisha kama mshambuliaji. Mabao hakufunga, kwa sababu mechi hakucheza. Mwaka 2018 ilitoka filamu ya maisha yake, na watu wazito wa soka ya Brazil, akiwemo Bebeto aliyebeba Kombe la Dunia 1994, walikaa mbele ya kamera kumzungumzia.

Mengi tunayajua kwa mdomo wake mwenyewe, na huo mdomo ndio uliokuwa mguu wake wa kulia. Kwa hiyo msikilize kama mwanafunzi, usimsikilize kama hakimu.

1. Jenga mwili kwanza

Wavivu waondoke sasa hivi. Kaiser alikuwa na kifua, mapaja na nywele ndefu za mtindo wa wakati ule, na alifanana na nyota Renato Gaúcho kiasi kwamba, wanavyosimulia Rio, alipitishwa milango ya kumbi za starehe kwa jina la mwenzake. Kimbia asubuhi. Nyanyua vyuma. Tembea polepole, kifua mbele, kama mtu aliyechoshwa na mechi za ugenini. Kiongozi wa klabu akikuona unashuka kwenye gari, awe ameshakusajili moyoni kabla hujamsalimia.

2. Fanya urafiki na wenye vipaji

Kipaji si lazima kiwe chako, ilimradi kiwe jirani. Kaiser alikuwa rafiki wa Carlos Alberto Torres, nahodha wa Brazil iliyotwaa Kombe la Dunia 1970, na wa kina Renato na Ricardo Rocha. Marafiki wa namna hiyo wakihamia klabu mpya huwa na neno mbele ya viongozi, na neno lao lilikuwa moja: mchukueni na huyu.

Utauliza, wao walipata nini? Walipata raha. Kaiser alijua kila ukumbi wa usiku, kila mlinzi wa mlangoni, kila meza ya pembeni. Timu ikisafiri alitangulia hotelini kupanga burudani. Alitunza siri, alichekesha, alisuluhisha ugomvi. Mchezaji mwenye presha ya kufunga kila Jumapili anamhitaji mtu wa kucheka naye Jumatatu. Basi uwe huyo mtu, na uwe kwa moyo. Wachezaji hunusa unafiki haraka.

3. Saini mkataba mfupi

Miezi mitatu inatosha. Mwezi wa kwanza unajiweka sawa, maana umetoka likizo. Wa pili unaumia. Wa tatu unapona taratibu. Ukiondoka, klabu haijakasirika bado, na wewe unayo picha ukiwa umevaa jezi yao, ambayo ndiyo barua yako ya maombi kwa klabu inayofuata.

4. Umia kwa ustadi

Hapa ndipo kazi ilipo, tulia tusome vizuri. Mazoezi ya kukimbia na kunyoosha viungo, kuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka. Kocha atakusifu. Tatizo linaanza mipira inapomwagwa uwanjani. Subiri pasi ya kwanza inayokuja upande wako. Chomoka kwa kasi ya kweli, hatua tatu nne, kisha ujishike nyuma ya paja na uende chini. Usilie. Piga ngumi moja kwenye nyasi, fumba macho, tikisa kichwa. Mkanda wa barafu ukiletwa, wewe omba kuendelea na mazoezi. Wakatae wao.

Nyama za paja ndizo rafiki yako mkubwa. Goti huvimba, mfupa huonekana kwenye eksirei, lakini nyama za paja zinauma kwa maelezo yako tu. Wakati ule klabu hazikuwa na mashine za kupiga picha misuli, hivyo daktari wa timu alibaki na neno la mchezaji. Kwa siku ngumu Kaiser alikuwa na daktari wa meno wa kumwandikia vyeti. Na paja likizoeleka mno, anasema, aliwaomba wenzake wamchezee rafu mazoezini, ili maumivu yapate mashahidi.

Lakini damu usiiguse kabisa. Tarehe 3 Septemba 1989, uwanjani Maracanã, kipa wa Chile Roberto Rojas alianguka karibu na fataki iliyorushwa na shabiki, timu yake ikiwa nyuma kwa bao moja dhidi ya Brazil katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Uso ulitapakaa damu, wenzake wakambeba, Chile wakagoma kurudi. Baadaye picha zilionyesha fataki haikumgusa, na ikajulikana alijikata mwenyewe kwa wembe aliouficha kwenye glavu. FIFA ikamfungia maisha, adhabu iliyokuja kuondolewa 2001, na Chile ikazuiwa kushiriki hata mechi za kufuzu Kombe la Dunia 1994. Nchi nzima ililipa. Mwongo mzuri halipishi nchi.

5. Zungumza na simu

Miaka ya 1980 simu ya mkononi ilikuwa kitu cha matajiri. Kaiser alitembea nayo mazoezini, akizungumza Kiingereza kwa sauti, akikataa ofa nono kutoka Ulaya. Viongozi walisikia na roho ikawatulia: kumbe tuna mali. Siku moja daktari wa klabu aliyejua Kiingereza alisogea, akagundua kwamba maneno yale hayana maana yoyote na simu yenyewe ni ya kuchezea watoto. Basi jifunze lugha kwanza, au ukatae ofa kwa Kiswahili.

Waandishi nao wapende. Wape jezi, wape habari za chumba cha kubadilishia nguo, wape muda wako. Gazeti likiandika kwamba wewe ni tishio langoni, kocha ataogopa kubisha.

6. Siku watakapokulazimisha

Siku hiyo itafika, usijidanganye. Kwa Kaiser ilifika Bangu, klabu ya mtaa wa wafanyakazi iliyokuwa chini ya Castor de Andrade, tajiri wa bahati nasibu haramu ya wanyama. Huyu hakuwa mtu wa kuombwa radhi mara mbili. Mwaka 1993 hakimu Denise Frossard alimhukumu kifungo yeye na vigogo wenzake wa mchezo ule.

Anavyosimulia Kaiser, usiku wa kuamkia mechi alikuwa kwenye starehe mpaka alfajiri, akijua atakaa benchi tu. Timu ikaanza kufungwa. Amri ikashuka kutoka kwa Castor: Kaiser aingie. Kocha akamwambia apashe misuli moto. Sasa jiweke mahali pake. Mita chache mbele yako kuna uwanja ambao ukiuingia, dakika tano zitafichua uongo wa miaka. Nyuma yako kuna mtu mwenye walinzi.

Kaiser alitazama upande, akaona mashabiki kwenye uzio wanatukana. Akaruka uzio, akawavamia. Mwamuzi akampa kadi nyekundu kabla hajagusa nyasi za ndani.

Wengi wangeishia hapo wakasifiwa. Yeye alijua nusu ya kazi bado iko chumbani, kwa sababu Castor alikuwa anakuja huku amefura. Hakumsubiri aseme. Akamwambia kwamba Mungu alimpa baba akamchukua, kisha akampa baba mwingine, na kwamba watu wale walikuwa wanamwita baba yake huyu mwizi, naye hakuweza kuvumilia. Castor alimkumbatia na kumwongezea mkataba wa miezi sita.

Soma tena kisa hiki ukiwa peke yako. Hakumdanganya Castor juu ya soka. Alimpa kitu ambacho fedha zake hazikuweza kununua kwa urahisi, mtu wa kumpigania hadharani. Kila tajiri wa klabu ana njaa ya namna hiyo, na anayeijua atakula muda mrefu kuliko mfungaji bora.

7. Usiingie uwanjani

Kama utasahau yote, hili libaki. Mwaka 1996 kocha wa Southampton ya Uingereza, Graeme Souness, alipelekewa ujumbe wa simu kwamba George Weah anampendekeza binamu yake, Ali Dia wa Senegal. Weah ndiye aliyekuwa ametwaa Ballon d'Or ya 1995, nani angekataa? Dia akapewa mkataba wa mwezi mmoja. Binamu hakuwa, na Weah hakupiga simu. Mechi ya wachezaji wa akiba ambayo ingemfichua iliahirishwa kwa sababu ya mvua. Mpaka hapo kazi safi kabisa.

Tarehe 23 Novemba, dhidi ya Leeds United, Matt Le Tissier aliumia, Dia akaambiwa aingie, naye akaingia. Alianza dakika ya 32, akatolewa dakika ya 85, akibaki historia ya kuchekwa hadi leo. Alikuwa na paja kama Kaiser, angeweza kulishika.

Wala usijaribu kwa kikundi. Septemba 2010 watu waliojiita timu ya taifa ya Togo walicheza na Bahrain na kufungwa 3-0. Hawakuwa na pumzi ya dakika tisini, wenyeji wakashangaa, na Togo yenyewe ikasema haikutuma timu. Kocha wa zamani Tchanile Bana alifungiwa kwa sakata hilo.

8. Jua nyakati zimebadilika

Tangu Oktoba 2010 FIFA imelazimisha uhamisho wa kimataifa wa wachezaji wa kulipwa kupita kwenye mfumo wake wa kompyuta. Mashine inapiga picha ndani ya paja. Kizibao cha mazoezi kina kifaa mgongoni kinachohesabu kila mbio. Mechi za ligi ndogo zinarekodiwa. Ila hamu ya kiongozi kupiga picha na jina kubwa siku ya usajili haijapungua hata kidogo, na mlango wako ni huo huo.

Kabla hujaupita, nikwambie jambo moja kwa uchungu, maana mchezo huu naupenda. Nafasi za usajili zina idadi. Jina lako likiandikwa, lipo jingine linalokatwa, na mara nyingi ni la kijana wa timu ya pili anayefika mazoezini kwa miguu, viatu vimeshonwa mara mbili, anayejua kupokea mpira mgumu na kuulaza. Yeye hana simu ya kuchezea wala rafiki nahodha. Ataambiwa kikosi kimejaa, arudi msimu ujao. Kaiser mwenyewe alikuwa mcheshi na hakumpiga teke mtu, lakini mshahara ule ulikuwa wa mtu fulani, na mtu huyo hakutengenezewa filamu.

Kwa hiyo viongozi wa klabu mnaosoma hapa, nawaomba: siku mkiletewa mshambuliaji mwenye wasifu mrefu, msimpe kalamu kwanza. Mpeni mpira, nusu saa, mbele ya vijana wenu wa timu ya pili, kisha waulizeni wale vijana.