Mwongozo kwa Aliyepokea Oda ya Biskuti Nzilo

Mgeni akiliona bwawa la Nzilo, huku Kongo ya Kinshasa, huwaza oveni ya umeme. Asinunue. Kituo kile, kilichoitwa Delcommune kwa jina la mvumbuzi wa Kibelgiji, kilijengwa na Union Minière miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi, na megawati zake 108 hazijasahau zilizaliwa kwa ajili ya nani. Mwaka 1982 ukaja pia waya kutoka mabwawa ya Inga, karibu kilomita 1,700, ukipita juu ya vijiji bila kusalimia hadi Kolwezi, nao ulikuwa na haraka ya kufika kwenye shaba. Kwa hiyo utaoka kwenye mbabula, jiko la makaa: sufuria nzito, mchanga mkavu chini, makaa ya moto juu ya mfuniko. Ukishanunua oveni, usihuzunike. Ni kabati zuri la kutunzia masanduku na utepe, na panya hawaliwezi.

Biskuti zikitoka motoni, mteja atakuwa amekwisha kupiga simu mara kadhaa. Mjibu kwamba ziko njiani. Ni kweli, ziko njiani kuelekea kupoa. Anayezifunga zikiwa na joto hufungia mvuke ndani. Mvuke huo hugeuka maji kwenye mfuniko, maji hudondoka, na asubuhi biskuti zinakunjika kama chapati. Ukizipanga za kukauka pamoja na laini zenye ndizi au jemu, zile laini zitawagawia wenzao unyevu kwa moyo mweupe, na zote zitakuwa za namna moja: mbaya. Kuanzia Novemba mvua ikishika, hata hewa inashiriki. Ziache kwenye wavu hadi sehemu ya chini iwe baridi mkononi, si ile ya juu, kisha funga mara moja. Usiende kwanza kunywa munkoyo.

Sasa kifungashio. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilipiga marufuku sacheti za plastiki: kutengeneza, kuingiza nchini, kuuza na kutumia. Ukitaka kujua amri imefika wapi, nenda sokoni ukaulize sacheti. Utaulizwa unataka ndogo au kubwa. Ukiamua kuitii sheria (wapo wanaoitii, wanaonekana kwa bei zao), kuna karatasi ya kaki, kuna karto, na kuna kurasa za madaftari ya shule. Hizi za mwisho zinafaa kwa karanga za mtaani. Kwa oda ya ubatizo hazifai: wageni wataacha biskuti wasome kwanza mtoto wa nani alipata mbili juu ya kumi katika hesabu.

Ukiishika sacheti hata hivyo, utaambiwa uifunge kwa mshumaa. Kunja mdomo wake juu ya kipande cha bapa la msumeno wa chuma, acha ukingo kidogo, pitisha pembeni mwa ndimi za moto. Upole ukizidi haishikani. Nguvu zikizidi, biskuti zako za vanila zitanukia ndoo iliyoungua, na mteja atauliza kama hiyo ni ladha mpya.

Lakini mteja mwenye heshima zake hataki sacheti wala karto. Anataka ndoo, ile ya plastiki inayoangaza, yenye mfuniko unaobana. Hapa ndipo wasiojua huangamia, kwa sababu hudhani wanauza biskuti. Biskuti zitaliwa usiku uleule, nyingi na watoto wa jirani. Ndoo itaishi miaka, itatunza unga wa bukari, sukari, vyeti vya shule na misumari. Mama mteja analijua hilo kabla yako. Ndiyo maana akifika huiinua ndoo kwenye mwanga, huigonga kitako, huufungua mfuniko na kuufunga tena, kisha ndipo huuliza, kwa adabu tu, kama biskuti zina siagi.

Usithubutu kuficha vipande vilivyovunjika chini. Siongelei dhambi, naongelea ujuzi wa mteja. Huyu ni mtu wa nyumba inayonunua makaa kwa gunia, na anajua vumbi hukaa wapi. Na kama mume wake ni mchimbaji, basi ameshapeleka madini kwenye soko la Musompo, ameona Metorex, mashine ya kupimia madini, ikitoa namba ndogo kuliko jasho lake, na tangu siku hiyo hamwamini mtu yeyote anayefunga kitu kwenye mfuko. Mkewe naye atamimina ndoo nzima mezani mbele yako. Panga nene na ngumu chini, nyembamba juu, weka karatasi kila tabaka, na ujaze hadi juu kabisa: palipo na nafasi ndipo biskuti hugongana na kuvunjika. Zenye karanga ziandike waziwazi. Vipande kula mwenyewe, au viweke pembeni kwa ajili ya matabishi, yaani nyongeza ya bure, maana swali hili halikwepeki:

— Mama, matabishi yangu iko wapi?

Asiyekuwa na la kujibu atavunja ndoo iliyokwisha kufungwa.

Njiani, adui ni vumbi. Wakati wa kiangazi, malori ya migodi hulinyanyua, na lile jekundu hupenya mahali ambapo hata sisimizi hakufikiria. Funika ndoo kwa mfuko wa nje, funga, na umwambie mwenye pikipiki auvue mlangoni, si kabla. Ndoo yenye vumbi kwenye jina la mtoto ni ndoo ya mwaka jana, hata kama imeokwa alfajiri. Oda za tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, zina ugumu wake: utepe lazima ulingane na kitenge cha kikundi, na rangi utatumiwa kwa picha ya simu iliyopigwa usiku.

Malipo yakija kwa dola, zishike noti moja moja mbele ya mlipaji. Noti yenye mpasuko mdogo kama ukucha wa mtoto mchanga haipokelewi popote, ila kwako, ukiwa na haya. Usiwe na haya.

Kuhusu amana ya ndoo: itaje kwa sauti, iandike kwenye oda, kisha iongeze kimyakimya kwenye bei, maana ndoo hairudi. Ikitokea mteja akakurudishia moja, ichunguze. Ikiwa ina mfuniko wake, si yako.