Picha Imefika, Sauti Iko Njiani

Kuunganisha kompyuta na televisheni ni kazi ya kusafirisha vitu viwili, picha na sauti, kutoka kioo kidogo hadi kikubwa. Kijitabu cha maelekezo kinadai waya mmoja unatosha. Hakisemi lolote kuhusu sebule iliyojaa watu, mechi ya Simba na Yanga inayokaribia kuanza, na shemeji anayesisitiza kwamba kwake huwa inakubali bila shida.

Mambo huanzia kwenye matundu. Kompyuta mpakato nyingi za siku hizi zina tundu la HDMI, mfumo uliotoka mwishoni mwa mwaka 2002. Waya wake una pini 19 na hubeba picha na sauti pamoja. Zile za mtumba zilizostaafu kwenye ofisi za ughaibuni mara nyingi huja na VGA, tundu la buluu lenye vishimo 15 katika safu tatu, lililoletwa na IBM mwaka 1987. VGA hubeba picha tu. Sauti haimo, na mtu anaweza kuchomeka na kuchomoa mpaka usiku wa manane, haitaingia. Anayetumia njia hiyo hana budi kutafuta waya wa pili, wa sauti, utakaotoka kwenye tundu la hedifoni.

Televisheni isiyo na VGA huhitaji konveta, na hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. VGA ni ya analojia, HDMI ni ya dijitali, kwa hiyo ndani ya konveta mna saketi inayotafsiri upande mmoja kwenda mwingine. Inayotoa VGA kwenda HDMI hairudi kinyume, na kwa kawaida hutaka umeme wake kupitia USB. Dukani zote mbili ni nyeusi, zina mkia mfupi, na zimefungwa kwenye plastiki ya aina moja. Muuzaji akiulizwa, jibu ni lile lile: inakubali, bosi. Ukweli hujulikana nyumbani, nauli ikiwa imeshaliwa.

Wenye televisheni ya chogo nao hawajaachwa. Zipo konveta za kutoa HDMI kwenda zile nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Filamu itaonekana vizuri tu. Maandishi ndiyo yatakayoleta ugomvi, kwa sababu picha yote inabanwa kwenye mistari 576, na barua iliyosomeka vizuri kwenye kompyuta inageuka mstari wa sisimizi.

Waya ukishachomekwa, televisheni hujibu kwa kisanduku kinachorandaranda kioo kizima kikisema No Signal. Wengi hapo huanza kuulaumu waya, kumbe televisheni bado inasikiliza tundu la king'amuzi. Rimoti ina kitufe cha Source au Input cha kuchagua tundu. Rimoti yenyewe ikiwa imepotea, na kwa kawaida siku hiyo huwa imepotea, kitufe hutafutwa kwa kupapasa chini au nyuma ya televisheni.

Upande wa kompyuta, Windows hutaka kuambiwa picha iende wapi. Kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P huleta njia nne: kioo cha kompyuta peke yake, picha moja kwenye vioo vyote viwili, kioo kimoja kilichorefushwa hadi cha pili, au televisheni peke yake. Njia ya kurefusha ndiyo mama wa mikasa. Watazamaji huonyeshwa mandhari ya milima na ziwa, filamu imebaki kwenye kompyuta, na kishale cha mausi kimevuka ukingo kwenda kuzurura kwenye televisheni. Njia ya vioo vyote viwili ni rahisi zaidi, ila haina siri. Ujumbe wa WhatsApp wa kukumbushia deni huonekana kwenye kioo cha inchi 43, na mama mkwe ndiye mwenye macho mazuri kuliko wote.

Picha ikikatwa kingo, saa ya pembeni ikapotea, kosa si la kompyuta. Ni tabia ya enzi za chogo, ambapo pembezoni mwa picha palifichwa makusudi kwa kuwa hapakunyooka. Televisheni bapa zimeirithi bila sababu ya maana. Dawa yake imo kwenye menyu ya ukubwa wa picha, kwa jina ambalo kila kampuni imejitungia lake.

Sasa sauti. Kwa HDMI, mara nyingi huhama yenyewe, lakini si kila mara, na ikigoma hubofywa alama ya spika kwenye kona ya kioo, kisha huchaguliwa jina la televisheni. Baadhi ya programu zilizokwisha anza kucheza huendelea kuing'ang'ania spika ya zamani mpaka zifungwe na kufunguliwa upya. Lakini katika nyumba yenye sabufa, tatizo huwa jingine kabisa. Siku sabufa ilipofika, fundi aliichomeka moja kwa moja kwenye king'amuzi, akashusha sauti ya televisheni hadi sifuri ili zisigongane, akaondoka na hela yake. Tangu hapo hakuna aliyeigusa. Basi sauti ya kompyuta hufika salama, huingia kwenye televisheni iliyozibwa mdomo miaka mingi, na sebule nzima humgeukia kijana aliyesomea kompyuta. Naye hushusha programu mpya ya sauti na kumaliza bando, wakati kilichotakiwa ni kubonyeza alama ya kujumlisha kwenye rimoti.

Kinachobaki ni kifuniko. Mtu akikifunga ili watoto wasichezee vitufe, kompyuta hulala na picha hukata, kwa kawaida wakati penalti inapigwa. Mipangilio ya umeme inaruhusu kuiamuru isilale kifuniko kinapofungwa. Luku ikiisha, televisheni huzima, kompyuta huendelea kwa betri, na mara nyingi sauti hurejea yenyewe kwenye spika zake ndogo bila kubembelezwa na mtu.