Anti, Kisiki Kimetushinda

Wasomaji wa safu hii wamezoea kuniletea habari za wachumba waliotoroka, mawifi wenye maneno, na waume wanaorudi usiku wa manane wakinukia sabuni isiyo ya nyumbani. Safari hii zimenifikia barua tatu kutoka mkoa wa Songwe zenye shida ya aina nyingine, ingawa nikizisoma vizuri naona mawifi na waume hawako mbali.

«Anti, shikamoo. Niko Ivuna. Mume wangu aliukata mwarobaini wa uani mwaka juzi, akaahidi kung'oa kisiki Jumamosi. Hakusema Jumamosi ipi. Kila mvua ikinyesha kinachipua, anafyeka, kinachipua tena. Mama mkwe ameshajikwaa mara mbili na sasa anasema nimemtegea. Jirani anashauri tukimwagie maji ya chumvi ya chemchemi yakiwa yanatokota. Nifanyeje? – Mkwe Asiye na Hatia.»

«Anti, nimenunua kiwanja Tunduma kikiwa na visiki kumi na kimoja vya mikaratusi. Fundi hataki kuweka msingi mpaka viondoke vyote. Mwenye katapila ametaja bei inayoshindana na mahari. Mchumba anasubiri nyumba. – Bwana Harusi Mtarajiwa.»

«Anti, mwembe wa marehemu baba ulizeeka tukaukata. Kaka zangu wanataka kisiki king'olewe wapande mahindi. Mimi moyo unasita. – Binti wa Kamsamba.»

Marahaba, wanangu. Karibu nyote mnataka kujua kisiki kinaondolewaje. Ni Binti wa Kamsamba tu aliyesita kama kinastahili kuondolewa, na ni lazima tuanzie hapo, maana mtu akishashika sururu haulizi tena. Msimamo wangu ni kwamba visiki vingi vya uani vibaki vilipo. Kilicho hai kichipue kwa mpango, kilichokufa kiachwe kioze, na sururu iwekewe vile vichache tu vilivyokaa penye msingi au karibu na ukuta wa nyumba. Najua ushauri wa kuacha kitu kilipo unanukia uvivu, na huyo mume wa Ivuna asije akaikata safu hii akaibandika sebuleni. Kazi anayo, tutaifikia.

Aliyekata mwarobaini ameondoa shina na majani tu. Mizizi bado iko chini na wanga wake iliojiwekea, na kwenye gome la kisiki kuna macho yaliyolala, yaliyokuwa yakizuiwa na shina lililokuwa juu yake. Shina likiondoka, macho yanaamka. Ndiyo maana mwarobaini, mjohoro, mlusina, mkaratusi na sehemu kubwa ya miti ya miombo huchipua ikikatwa, wakati mnazi ukikatwa ndiyo basi. Chipukizi la kisiki hukua haraka kuliko mche wa kitaluni kwa sababu linanyweshwa na mizizi ya mti mzima. Mche uliopandwa leo utakuomba ndoo ya maji kila jioni mpaka mizizi yake ishuke, ilhali mizizi ya kisiki ilishafika zamani kwenye unyevu ambao jembe lako halijawahi kuuona. Katika bonde la Rukwa, ambako kiangazi huanza Mei na mwezi wa kumi mbuzi wanagombania kivuli cha ukuta, huo si utajiri wa kuutupa kwa sababu ya Jumamosi moja.

Anayedhani kung'oa ni suala la nguvu tu aulize habari za Kongwa, mkoani Dodoma. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga wa Tanganyika, ikitaka kusafisha zaidi ya ekari milioni tatu Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nguvu hawakukosa: walileta makatapila, na hata matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita. Kuangusha vichaka hakukuwasumbua kama mizizi iliyobaki chini. Majembe ya trekta yalipinda na kuvunjika, mashine zikalala zikisubiri vipuri, na udongo uliovuliwa nguo ukapigwa na jua ukakauka mithili ya tofali. Mwaka wa kwanza walilenga ekari 150,000 wakapanda takriban 7,500. Mpango ulikuwa na makosa mengine, ukame ukiwemo, lakini mizizi ilikuwa adui wa kwanza waliyekutana naye, na mwaka 1951 mambo yalipofungwa pauni milioni 36 zilikuwa zimefutwa vitabuni. Mwanangu wa Tunduma, sisemi hasara yako itafika huko. Nakukumbusha tu kwamba bei ya kung'oa hutegemea kilicho chini, na wakati wa kupatana bei kilicho chini hakionekani.

Sasa tazama ardhi ile ile ya Dodoma. Tangu mwaka 2018 shirika la LEAD Foundation pamoja na wenzao wa Justdiggit wamekuwa wakiwafundisha wakulima wa mkoa huo, Kongwa ikiwemo, njia inayoitwa Kisiki Hai. Mkulima anatafuta kisiki kinachochipua, anachagua machipukizi machache yaliyonyooka na yenye afya, anakata mengine yote, anapogoa matawi ya chini ya yale aliyoyabakiza, kisha anafunga kitambaa ili mchungaji na mwenye panga wajue huo mti una mwenyewe. Hakuna kitalu, hakuna kumwagilia. Njia hiyo haikuzaliwa Dodoma: Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyekuwa akifanya kazi Maradi nchini Niger, alianza kuieneza mwaka 1983 baada ya kuchoka kupanda miche inayokufa, na leo mamilioni ya hekta nchini humo yana miti tena. Na kabla hatujashangilia sana ya Niger, Wasukuma walikuwa na ngitili zao, yaani maeneo ya malisho yaliyotengwa, zamani sana, na mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulirudisha misitu kwa kuyazungushia ulinzi maeneo ambayo visiki na mizizi vilikuwa bado hai, vikafanya kazi vyenyewe.

Basi mama wa Ivuna, mama mkwe wako hakujikwaa kwenye mti. Alijikwaa kwenye kitu kifupi kilichofichwa na majani yake chenyewe, na kila mumeo anapofyeka yote anakirudisha kwenye urefu ule ule wa kutegea watu. Kazi yake Jumamosi hii, na umtajie tarehe, ni kuchagua machipukizi mawili au matatu upande usio na njia, kukata mengine yakiwa bado laini, na kufunga kitambaa chekundu usawa wa macho ya mama mkwe. Baada ya hapo kila mwezi apitie machipukizi mapya, na yale yaliyobaki yakishakuwa magumu aache moja lililonyooka kuliko yote. Mti ukifika kichwani hakuna atakayeukanyaga, na mwenye kulalamika atakuwa amekaa kwenye kivuli chake.

Lakini yale maji ya chumvi, hapana. Ivuna inaijua chumvi kuliko mahali pengi. Wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba pale na mwaka 1968 wakachapisha habari za watu waliokuwa wakichemsha maji ya chemchemi na kuuza chumvi karne nyingi kabla ya gari la kwanza kufika Tunduma. Kila kilo ya chumvi ile ilikula kuni, kwa hiyo chumvi na visiki vya Ivuna ni mtu na binamu yake. Lakini undugu huo hauruhusu kuvichanganya uani. Chumvi ya kutosha kuua mizizi ya mwarobaini ni nyingi mno, nayo haiishii kwenye mwarobaini. Udongo wa mfinyanzi ukipata chumvi nyingi ya namna hiyo hupoteza vinyweleo vyake: mvua ikinyesha maji yanasimama juu, jua likiwaka unapasuka, na mchicha wako hautaota. Kwenye nchi ya mvua nyingi chumvi ingeweza kusombwa polepole. Ninyi mko kwenye bonde ambalo ziwa lake halina mto wa kutokea, kila kinachoyeyuka kinaishia humo humo, na kiangazi jua linaivuta chumvi kutoka chini kuileta juu. Nenda kaangalie ardhi nyeupe kandokando ya chemchemi uhesabu majani yaliyoota. Oili chafu ya gari nayo iko kwenye kundi hilo hilo, kabla jirani hajaipendekeza. Na moto wa mkaa juu ya kisiki, ambao wengi wanausifu, una tabia ya kutembea ndani ya mzizi mkavu polepole na kutokea usipoutarajia, pengine chini ya banda la kuku.

Najua mtaniambia habari za mchwa na nyoka. Hoja ya mchwa ni ya haki, na ndiyo sababu sikusema visiki vyote. Mchwa hufuata hasa mti mkavu, si kisiki kinachochipua; kisiki kilichokufa mita mbili kutoka ukutani, hasa nyumba ikiwa ya miti na udongo, kiondoke bila mjadala. Kikiwa mbali, kule mwisho wa bustani, mchwa wakikila wanakufanyia kazi ambayo mume hakuifanya, na wanakuachia udongo mwepesi. Nyoka hupenda tundu na majani marefu, basi ziba tundu kwa mawe na udongo, fyeka pembeni. Wapo pia wanaosema kisiki uani ni aibu mbele ya wageni. Mkoa wenu una kimondo cha Mbozi, chuma kinachokadiriwa kuwa na tani 16, kilichoachwa pale pale kilimani Marengi. Watu walichimba kukizunguka, na leo wageni wanasafiri kuja kukitazama. Aibu ya kitu kukaa chini inategemea sana aliyepatengeneza pembeni yake.

Binti wa Kamsamba, moyo wako una hesabu nzuri kuliko kaka zako. Kisiki cha mwembe mkubwa na mashina ya mizizi yake tukikipa mita mbili kwa mbili, na mahindi yakipandwa kwa sentimita 75 kwa 30, hapo pataingia mashina 17 hivi. Hayo hayajazi hata sado. Waambie kaka wavumilie: mwembe wenye afya ukikatwa kama mita moja kutoka chini hutoa machipukizi mengi, na yakifikia unene wa penseli yanaweza kubebeshwa vikonyo vya embe unalolipenda, dodo au bolibo, kutoka mti unaoujua. Bakiza machache yaliyokizunguka kisiki pande zote, funga nailoni vizuri, toa kila chipukizi linalotokea chini ya kiungo. Mtavuna mapema kuliko aliyepanda kokwa, na mti mnauweka mfupi ili kivuli kisimalize shamba. Kama mliukata usawa wa ardhi na hakuna kilichochipua mpaka mvua za pili, basi umekufa, na kaka zako wameshinda.

Bwana Harusi, wewe ndiye mwenye haki ya kung'oa, ila si vyote kumi na kimoja. Mzizi uliofukiwa chini ya jamvi huoza na kuacha shimo, sakafu inazama, ukuta unapasuka kabla mtoto wa kwanza hajatembea. Mwite fundi avute kamba za msingi kwanza. Vinavyoguswa na kamba au vilivyo hatua chache kutoka kwake ndivyo vya kung'oa, pengine vinne. Vilivyobaki, kama huvitaki, menya gome lote mpaka chini ya usawa wa udongo, maana bila gome hakuna macho ya kuchipua. Ukivitaka, vitakupa milunda ya jukwaa la ujenzi na uzio. Hivyo vinne vichimbwe mvua zikiwa zimelainisha ardhi: handaki kuzunguka, mizizi ya pembeni ikatwe kwa shoka kabla ya kuushambulia mzizi mkuu, na mashimo yafukiwe tabaka kwa tabaka na kushindiliwa. Wenzako wa Tunduma ambao hawajakata bado waache shina refu mpaka kifuani, walifunge kamba na kulivuta kama mtaimbo. Wewe uliyenunua visiki vilivyokatwa usawa wa ardhi utachimba zaidi. Patana na vibarua kwa kisiki, si kwa siku, na muone mzizi ukiwa juu kabla ya kutoa hela, kwa sababu wapo wanaokata juu juu, wakafukia na kuondoka, na chipukizi la mkaratusi huja kutoa taarifa wakati fundi ameshamwaga jamvi.