Silikanti na Simu ya Mkopo

Katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009, kuna mapango ambamo Bibi Silikanti, samaki wa kale, hujilalia mchana kutwa. Mvuvi mmoja wa Kigombe aliinama kuvuta jarife, simu ikamponyoka mfukoni mwa shati, ikazama hadi mlangoni kwa Bibi. Kwa nini haikufa njiani, waulizwe walioandika tangazo lake.

SIMU: Shikamoo, bibi. Mtandao unapatikana huku?

SILIKANTI: Marahaba, mjukuu wangu. Huku napatikana mimi na wenzangu wachache. Wewe ni samaki gani?

SIMU: Si samaki. Mimi ndiye ninayeunganisha watu.

SILIKANTI: Kwani walikuwa wamekatika?

SIMU: Bibi nawe! Bwana wangu hajafika pwani pale Deep Sea, bei ya sokoni ameshaijua. Zamani alikuwa akipangiwa na mchuuzi. Hapo nisifiwe.

SILIKANTI: Nimekusifu, ingawa wanaouzwa ni majirani zangu. Mimi nyama yangu mafuta matupu, anayenila hushinda chooni. Hiyo ndiyo teknolojia yangu. Haya, asipokuwa anauza samaki anakutumia kwa lipi?

SIMU: Kuchanga. Yumo kwenye makundi ya harusi: ya Chumbageni, ya Muheza, ya Mombasa. Huyo bi harusi wa Mombasa hata hamjui. Lakini orodha ya waliotoa hubandikwa kila jioni, na jina lisilo na kitu mbele yake watu wote wanaliona.

SILIKANTI: Akiwa hana?

SIMU: Anakopa, humuhumu kwangu. Hela inaingia chai haijapoa.

SILIKANTI: Kwa mtu anayemjua?

SIMU: Hamjui, wala hajui anakokaa. Ila huyo mkopeshaji aliomba kwanza ruhusa ya kusoma majina yote niliyoyahifadhi. Siku bwana alipochelewa kulipa, ujumbe ukamfikia mkwewe, mwalimu wa madrasa, hadi kinyozi: mwambieni mwenzenu alipe. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zinazokopesha bila leseni.

SILIKANTI: Zikakoma?

SIMU: Mwenye haya hukoma.

SILIKANTI: Na hakuna namna ya kumjua mtu aliyeko upande wa pili?

SIMU: Ipo! Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole. Ambao hawakusajili walianza kufungiwa Januari 2020.

SILIKANTI: Afadhali. Basi matapeli wamekwisha.

SIMU: Asubuhi hii kaletewa ujumbe: ile hela itume kwenye namba hii.

SILIKANTI: Huyo naye alisajili kidole cha nani?

SIMU: Bibi, maswali yako ya kizamani.

SILIKANTI: Sana. Ukoo wetu una miaka kama milioni 400. Wataalamu walikwisha kutuzika pamoja na dinosaria, mpaka mwaka 1938 mmoja wetu akavuliwa Afrika Kusini. Wewe una umri gani?

SIMU: Miezi 14. Matoleo mawili mapya yameshanipita, watoto wa mjini wananicheka.

SILIKANTI: Mimba yetu peke yake, hao wataalamu wanakadiria miaka 5.

SIMU: Bwana wangu atanifuata.

SILIKANTI: Nilimsikia akilia huko juu. Hakulia simu. Alilia picha za marehemu mama yake.

SIMU: Zimo kwangu tu.

SILIKANTI: Hebu nimwone huyo mama.

SIMU: Siwezi, bibi. Nafunguka kwa uso wa bwana wangu peke yake. Na ikifika saa sita usiku nitajifunga hata kwake, maana mimi ni simu ya mkopo, hulipiwa kila siku, na leo hajalipa.

SILIKANTI: Utajifunga humu, chini ya maji?

SIMU: Mkataba haukutaja maji.

SILIKANTI: Naye ataendelea kulipa?

SIMU: Imebaki miezi minne.