Rambo Amepanda Basi la Iringa

Kwenye sinema, Rambo hashindwi. Tangu 1982, akiigizwa na Sylvester Stallone, amefukuzwa porini na polisi, amemiminiwa risasi na majeshi ya kila namna, na filamu ikiisha anatoka na jasho na mikwaruzo. Sisi ndio tuliomweza. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile ambayo mtaani tumeizoea kwa jina la rambo. Tangu hapo ukikutwa nayo unaweza kutozwa faini ya kati ya shilingi 30,000 na 200,000, au kulala ndani hadi siku saba, au ule vyote viwili kwa pamoja.

Wanaodhani kwamba Rambo alizikwa siku ile hawapandi mabasi ya mikoani. Kanuni zilizomtimua sokoni zilimwachia upenyo: plastiki ya shughuli za usafi na udhibiti wa taka haikuguswa. Ndiyo maana basi likishatoka stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, konda akishagawa maji na biskuti, anapita tena na bunda la mifuko myeusi. "Taka humu, jamani. Dirishani hapana."

Hapo ndipo utakapowajua Watanzania. Wote tunapenda usafi, ila hakuna anayetaka kuketi jirani na mfuko. Anayenyoosha mkono kuupokea amejiteua mwenyewe kuwa waziri wa mazingira wa safu tatu, na wizara yake haina bajeti. "Dada, samahani," inasema sauti ya nyuma, na baada ya samahani unafuata mfupa wa kuku. Ganda la yai linapitishwa mkono kwa mkono kwa heshima zote, kila mmoja akilitazama kana kwamba ni mara ya kwanza kuona yai, hadi limfikie mwenye wizara. Kabla ya Chalinze, waziri ameshaanza kujifanya amelala.

Safari ninayoisimulia, mfuko wa safu yetu ulipokelewa na mama mmoja wa makamo aliyekuwa anarudi kwake Iringa. Alikuwa mwanamke wa msimamo. Kila aliyemletea taka alimwuliza kwanza, "Umekula peke yako, sasa unanikumbuka?" Taka za safu yetu zikapungua kwa kasi ambayo sijaiona kwenye kampeni yoyote.

Tukaingia Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza katikati ya wanyama kwa kilomita zipatazo 50. Konda akarudia tangazo lake, safari hii kwa ukali. Nyani walikuwa wamejipanga kando ya lami wakikagua madirisha. Nyani wale wanajua ratiba za mabasi kuliko wakatisha tiketi. Hawakupata kitu kwetu, na mmoja alitusindikiza kwa jicho la mtu anayedai.

Kasheshe ilianzia Ruaha Mbuyuni, na anayepita hapo bila kununua vitunguu hajapita. Wachuuzi walilizingira basi na sado zao. Mama akapatana bei, kisha kijana wa vitunguu akapaza sauti, "Leta mfuko, mama, basi linaondoka!" Mama akatazama kulia, akatazama kushoto, akakung'utia taka zetu kwenye mfuko wa safu ya jirani, na ule wetu ukashuka dirishani mtupu na kurudi umejaa vitunguu.

"Mama, hapo umevunja sheria." Alikuwa kijana wa kiti cha nyuma, mwanafunzi wa sheria, na ilionekana amengoja nafasi hiyo tangu Morogoro. "Mfuko huo ukiwa na taka ni kifaa cha usafi. Ukitia vitunguu, umekuwa mfuko wa kubebea bidhaa. Ni marufuku."

Basi zima likageuka mahakama. Dada mmoja akatetea kwamba vitunguu vya kula nyumbani si bidhaa. Mzee wa kiti cha mbele, aliyekuwa kimya tangu Dar es Salaam, akageuka taratibu. "Mwanangu, nifahamishe. Vikioza kabla hatujafika, huyu mama anaachiwa?"

Kijana akafikiri. "Itategemea vimeoza kiasi gani."

Mama hakungoja hukumu. Alichukua ganda la chungwa, akaliweka juu ya vitunguu, akaufunga mfuko mdomo nusu ili ganda lionekane. "Haya. Taka hiyo. Nikamateni." Basi likapiga makofi. Kijana akanung'unika jambo kuhusu nia ya mtenda kosa, lakini hakuna aliyekuwa anamsikiliza.

Mlima Kitonga hupandwa kwa adabu, nyuma ya malori, na mwendo ule ukamlaza mama. Juu kabisa konda akaanza kukusanya mifuko. Akafika kwetu, akaona ganda la chungwa, akaunyanyua mfuko.

"Konda," nikamwambia, "humo mna vitunguu."

"Kaka, mimi naona maganda. Kazi hii ukisikiliza abiria, kila mfuko una mali." Akaenda nao.

Mama aliamka stendi ya Iringa na kuomba mzigo wake. Alipoelezwa, hakupiga kelele. Alimshika konda mkono kama mtoto aliyechelewa shule, wakaenda hadi lilipo rundo la mifuko myeusi, yote ikifanana. Ufunguaji ukaanza. Mfuko wa kwanza ulikuwa na mifupa, wa pili pampasi, wa tatu wali wa mtu aliyedai njia nzima kwamba amefunga. Wenye taka walisimama pale wakishangaa ni nani awezaye kula ovyo namna hiyo. Vitunguu vilipatikana karibu na chini, vizima, vikinukia kuku.

Mchuuzi akatokea na mifuko mbadala. "Mia tano tu, mama."

"Mia tano ya kubebea vitunguu vyangu mwenyewe?" Akafungua kanga ya begani, akavimimina humo, akaifunga fundo. Kanga haina kanuni wala waziri.

Mfuko mweusi ukabaki mkononi mwake, ganda la chungwa bado limo. Akaangaza macho huku na huku, akamwona mwanafunzi wa sheria akishusha begi lake.

"Njoo, mwanasheria. Shika huu," akampa. "Sasa ni halali."